Usiihukumu iafoni kwa dakika moja ya Kariakoo

Iafoni ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, nilitaka kuirudisha dukani wiki ya kwanza. Sauti ilikuwa kavu, besi haisikiki, na sikio la kulia lilianza kuuma kabla sijamaliza faili la kwanza la asubuhi. Niliamini kabisa kwamba nimeliwa hela yangu. Siku ya nne nikatoa kimpira cha kulia, kile kipande laini cha mdomoni mwa iafoni kinachoingia sikioni, cha saizi ya kati, nikaweka kidogo. Nikavuta sikio kwa juu kwa mkono wa kushoto na kuisukuma iafoni ndani taratibu kwa mkono wa kulia. Besi ikaingia yote. Iafoni ni ileile, simu ileile, faili lilelile.

Tangu siku hiyo nimeacha kuutenganisha ulaini wa iafoni sikioni na sauti yake. Watu wengi huuliza kwanza "sauti yake vipi?", halafu mwishoni kabisa, kama nyongeza, "haiumizi?" Mimi naona ni swali moja. Iafoni ambayo haijakaa sawasawa sikioni huwezi hata kuijadili sauti yake, maana bado hujaisikia.

Niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Kazi yangu ni kunukuu mahojiano: natumiwa sauti zilizorekodiwa, nasikiliza, naandika neno kwa neno. Saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki. Ongeza safari ya daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Posta, saa moja kwenda na saa moja kurudi barabara ikiwa njema, hapo tayari ni saa 40 kwa wiki nikiwa na kitu kimeziba masikio. Kwa mtu wa namna hiyo iafoni ni kama kiti cha ofisini. Kasoro ndogo ambayo mwingine hataiona, mimi nitaiona Jumatano mchana.

Iafoni ninazozungumzia ni zile zinazoingia ndani ya tundu la sikio, waya ukapita juu na nyuma ya sikio. Wapiga vyombo wa makanisani na kwenye bendi wanaziita monita, na ndiko zilikotokea, jukwaani. Mwaka 1995 Jerry Harvey, fundi sauti wa kundi la Van Halen la Marekani, alimtengenezea mpiga ngoma Alex Van Halen monita za masikioni ili ajisikie bila kutegemea spika za sakafuni. Kwa miaka mingi vitu hivyo vilibaki kuwa vya wenye pesa. Leo kampuni za China zimeishusha bei mpaka mtu wa kawaida anaifikia. Moondrop ya Chengdu ilitoa iafoni iitwayo Chu mwaka 2022 kwa takriban dola 20, na mwaka huohuo 7Hz ikatoa Salnotes Zero kwa bei ya karibu na hiyo. Zote mbili zina spika moja tu ya milimita 10 kila upande. Kwa pesa yetu ni kama elfu hamsini, kabla ya gharama ya kuifikisha hapa. Kwa elfu hamsini leo unapata sauti ambayo mimi sikuwahi kufikiri ningeimiliki.

Lakini utaipata ikiwa tu imeziba.

Sauti nzito inahitaji hewa iliyofungiwa. Iafoni inapopiga besi, spika yake ndogo inasukuma na kuvuta hewa iliyo kati yake na ngoma ya sikio. Pakibaki mwanya, hata wa unene wa unywele, hewa ile inapitia hapo na besi inaondoka nayo. Sauti kali haziathiriki sana, zinaendelea kama kawaida. Kwa hiyo mtu mwenye kimpira kisichomtosha anasikia makali matupu, matoazi na herufi za s, kisha anasema iafoni ni mbovu. Akienda kwenye ikwalaiza, ile sehemu ya simu ya kupandisha na kushusha besi na makali, akapandisha besi, anapandisha kitu kinachovuja.

Na masikio ya mtu mmoja hayafanani. La kwangu la kulia ni jembamba kuliko la kushoto, jambo ambalo niliishi nalo zaidi ya miaka thelathini bila kulijua. Sasa navaa kimpira cha kati kushoto na kidogo kulia. Kila ninayemshauri namwomba afanye jaribio hili kwanza: avae, asikilize wimbo wenye gitaa la besi, kisha abonyeze upande mmoja kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, upande huo haujaziba.

Sasa njoo Kariakoo. Unafika Mtaa wa Aggrey, kijana anakupa iafoni ya kujaribia, anabonyeza wimbo aliouchagua yeye, anakuambia, "Dada, sikiliza hiyo besi." Unasikiliza kwa dakika moja. Nyuma yako kuna mkokoteni, mbele yako kuna mtu anatangaza bei kwa kipaza sauti, bodaboda inapita mgongoni. Simlaumu kijana, yuko kazini, na wengi wao wananijua na wana subira na mimi. Ila jaribio lenyewe linakupotosha. Kelele za mtaani zina uzito mwingi chini, injini na magurudumu na jenereta, nazo zinaimeza besi ya iafoni. Kwa hiyo iafoni itakayokusisimua pale ni ile iliyovimbishwa besi kupita kiasi. Ukifika nyumbani usiku, kumetulia, besi ileile inapanda juu ya sauti ya mwimbaji na kumfunika. Nimewahi kununua mbili za namna hiyo. Ya pili sikufika nayo mwisho wa mwezi.

Mimi najaribu kwa maneno kwanza, muziki baadaye. Kiswahili kina s, sh na z kila kona, na hapo ndipo iafoni ya bei nafuu hujitaja. Nimejirekodi kwenye simu nikisema, "Sasa hivi wasichana sita wameshashuka stesheni." Sauti ya s inakaa juu huko, kuanzia kama Hz 5,000, yaani mitetemo 5,000 kwa sekunde, kwenda mbele, na iafoni nyingi zimeinuliwa palepale ili zionekane safi na zenye maelezo. Kwa dakika moja unasema kweli, ni safi. Kwa saa mbili kila s inakuwa sindano. Wakati mwingine kuiingiza iafoni ndani zaidi kidogo kunauhamisha ukali ule na kuulainisha, na hapo tena unaona kwamba namna ya kukaa ndiyo iliyoamua sauti.

Kisha nawasikiliza wazee. Sauti ya mzee wa kiume anayezungumza chinichini ndiyo mtihani mgumu kuliko wowote ninaoujua. Kwenye iafoni yenye besi iliyovimba, "pata" na "bata" zinakaribiana, mwisho wa neno unapotelea tumboni, na mimi narudia sekunde zilezile mara nne. Nikibadilisha iafoni, mzee yuleyule anaongea kama amekaa mbele yangu. Hakuna karatasi ya vipimo itakayonieleza hilo vizuri zaidi ya faili moja la dakika kumi.

Kwa upande wa muziki nina vipimo vitatu. Cha kwanza ni dansi la zamani, Msondo Ngoma au Mlimani Park, kwa sababu ya magitaa. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna rithimu, na kila moja lina mstari wake. Iafoni nzuri inakuruhusu kulifuata gitaa la rithimu peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho huku solo likiendelea kulia pembeni. Iafoni mbaya inayachanganya yote yakawa uji. Cha pili ni taarabu, kwa ajili ya kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Nyuzi za kanuni zikipigwa zinabaki hewani kwa muda, na iafoni yenye ukali wa uongo inazifanya zilie kama bati. Cha tatu ni singeli. Wasioipenda wanashangaa nikisema hivyo, lakini muziki unaokwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika unaibana spika kweli kweli: pigo lisipokata haraka, linalofuata linaligonga kwa nyuma na vyote vinakuwa muungurumo mmoja. Salnotes Zero niliyoazimwa na mfanyakazi mwenzangu ilikata mapigo ya singeli vizuri sana. Kwa dansi niliipenda Chu zaidi, ina joto kidogo kwenye sauti za waimbaji, na pia ni ndogo sikioni.

Udogo huo nausisitiza. Kuna shindano la kuhesabu spika: tatu, tano, nane kila upande, na picha nzuri kwenye boksi. Spika nyingi zinataka nyumba kubwa ya kuzibeba, na nyumba kubwa inataka sikio kubwa. Sisi wenye masikio madogo, wanawake wengi tukiwemo, tunaumia kwenye ule ukingo wa ndani wa sikio baada ya saa moja na nusu, pasipoonekana na mtu. Na hakuna kanuni kwamba tano zitalia vizuri kuliko moja. Ni kazi ngumu kuzipatanisha spika tano zisiingiliane, na kwa bei ya elfu hamsini kazi hiyo mara nyingi haifanyiki. Spika moja iliyosawazishwa vizuri naichagua bila kusita.

Halafu kuna mtandio. Sijaona anayeandika mapitio ya iafoni akiutaja, wakati nusu ya wenzangu kwenye daladala tunauvaa. Mtandio unaisukuma iafoni ndani siku nzima, kwa hiyo ile inayotokeza nje ya sikio, hata kwa milimita chache, inakuwa adhabu. Waya nao unasugua kitambaa na mlio wake unapanda hadi sikioni, kwaru, kwaru, kila ukigeuza shingo. Waya unaopita juu ya sikio unapunguza sana mlio huo, na kile kishikizo cha kubana waya chini ya kidevu kinaumaliza kabisa. Ukivaa miwani pia, tafuta waya ambao ule mkunjo wake wa sikioni ni laini. Ule mgumu ukikutana na mkono wa miwani, sehemu ya juu ya sikio inachubuka. Mimi iliniganda kidonda wiki nzima.

Na jua letu, na jasho letu. Vimpira vya sponji vinaziba vizuri kuliko vya silikoni na vinapunguza makali, lakini kwa joto la Dar vinanyonya jasho na mafuta ya ngozi, vinachoka, vinanuka, ukae tayari kuvibadilisha kila baada ya muda mfupi. Mimi natumia silikoni laini, nafuta kwa spiriti kila jioni, nahifadhi iafoni kwenye kopo pamoja na kile kipakiti cha chembe za kukausha unyevu kinachokuja na viatu. Upande mmoja ukianza kulia chini kuliko mwingine, usikimbilie kusema umekufa. Mara nyingi ni nta imeziba kile kijichujio cha wavu mdomoni mwa iafoni. Geuza mdomo uangalie chini, piga taratibu kwa brashi ndogo kavu. Nimefufua nne za majirani kwa njia hiyo.

Kama bajeti yako ni elfu hamsini, mimi ningekushauri ununue iafoni ya elfu arobaini na uweke elfu kumi pembeni kwa ajili ya vimpira. Hakuna shilingi nyingine itakayobadilisha sauti yako kiasi hicho.

Zisizo na waya? Kwa bei hiihii pesa yako inagawanywa kwenye betri, chipu, maikrofoni na kopo la kuchajia, na kinachobaki kwa ajili ya sauti ni kidogo. Simu kadhaa za bei nafuu zinazouzwa hapa bado zina tundu la iafoni, na zisizo nalo zinakubali adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la chaji. Sitazidi hapo.

Ninalotaka lisipite haraka ni la volumu. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80, kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatwa nusu. Ukifika desibeli 90 zimebaki saa 4 tu kwa wiki nzima, na mimi saa zangu ni 40. Zamani nikiwa na iafoni isiyoziba, daladala ikikwama Kwa Aziz Ally, honi, konda, redio ya dereva, nilikuwa napandisha volumu mpaka karibu na mwisho ili nisikie neno. Baada ya kubadilisha kimpira kile kidogo cha kulia nasikia vizuri chini ya nusu. Nilikuwa nayaumiza masikio yanayoniletea ugali kwa sababu ya kipande cha mpira cha shilingi mia chache. Kuziba kuna hatari yake pia: nikishuka kuvuka Barabara ya Kilwa natoa zote mbili, kulia na kushoto, kabla ya kukanyaga lami.

Mdogo wangu amenunua ya spika tano juzi na ananiandikia kila siku niiseme. Imekaa sikioni mwangu siku tatu. S zake ziko sawa, mzee wangu wa kwenye faili anasikika, ila leo saa nane mchana ukingo wa sikio la kulia umeanza kuwaka. Nimeagiza vimpira vyenye shingo fupi zaidi. Nimemwambia asubiri wiki tatu.