Benki zimefungwa Goma: anayebanwa ni nani?

Hoja ya Kinshasa, yaani serikali ya Kongo, ya kutaka benki za Goma zibaki zimefungwa si ya kubezwa. Waasi wa M23 walipoingia Goma, mji mkuu wa mkoa wa Kivu Kaskazini, mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, katikati ya Februari, Benki Kuu ya Kongo ilikosa njia ya kupeleka noti huko bila hofu ya kuzikabidhi kwa kundi ambalo Umoja wa Mataifa umeliwekea vikwazo tangu mwisho wa 2012. Kongo yenyewe iliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya kijivu, ile ya nchi zinazochunguzwa kwa udhaifu wa kuzuia utakatishaji fedha. Benki gani ingethubutu? Milango ikafungwa, na kwa watetezi wa uamuzi huo mjadala uliishia hapo. Anayetaka benki zifunguliwe wanamwona mpiga debe wa waasi.

Ila anayelia zaidi ni mwalimu. Kuanzia 2011 serikali ilianza kuwalipa watumishi wake kupitia benki, kwa kuwa bahasha zilizokuwa zikigawiwa mkono kwa mkono zilipungua njiani, na wafanyakazi hewa walikuwa hawahesabiki. Mwaka 2019 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa bure, na ule mchango wa wazazi uliokuwa ukimvusha mwalimu hadi mwisho wa mwezi ukafutwa. Hatua zote mbili zilikuwa njema. Zilipokutana, zilimwacha mwalimu akining'inia kwenye kamba moja, mshahara wa serikali, na kamba yenyewe imefungwa kwenye tawi la benki.

Basi watu wakahangaika. Fedha za simu zilisaidia, lakini wakala naye anahitaji noti za kukupa, na noti zikiadimika makato yake yanapanda, tena juu ya yale ya kampuni. Noti zilizobaki mjini zilizunguka mpaka zikachakaa. Wengine walivuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta mashine ya kutolea fedha. Wengine walikwenda Beni, mji ulio mikononi mwa serikali katika mkoa uleule, kwa kuzunguka Rwanda na Uganda, kwani barabara ya moja kwa moja inakatiza uwanja wa vita. Hebu piga hesabu ya nauli na malazi, uitoe kwenye mshahara wa mwalimu.

Balaa halikomi kwake. Muuza sombe (kisamvu) na sambaza (dagaa wa Ziwa Kivu) aliyekuwa akimkopesha hadi tarehe ya mshahara, sasa hana cha kurudisha kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, vile vikundi ambavyo Mtanzania angeviita VICOBA. Kikundi kikikosa marejesho, mwanachama anayetaka kumpeleka mtoto hospitali hapati mkopo. Watu hawa hawajawahi kuwa na akaunti benki, ila kufungwa kwa benki kumewafikia.

Na M23 je? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba, baada ya kuyateka machimbo ya Rubaya mwaka 2024, kundi hilo lilikuwa likivuna angalau dola 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani pekee, madini yanayotumika kwenye simu na kompyuta. Nimeirudia tarakimu hiyo mara nyingi, na kila mara swali linakuwa lilelile: ni dola ngapi kati ya hizo zilipitia kaunta ya benki Goma? Kodi inatozwa machimboni na barabarani, na madini yenyewe yanavuka mpaka kwa malori. Sijui ni mfuko gani wa waasi unaokauka pale muuguzi anaposhindwa kutoa mshahara wake.

Ni kweli, benki ikifunguliwa, wenye bunduki nao watataka kodi yao. Na Aprili 2025, M23 walipoifungua CADECO, shirika la akiba la serikali, kwa amri yao wenyewe, Kinshasa ilikuwa na haki ya kupinga: anayeweka fedha pale, nani atamrudishia? Lakini huo si ushahidi dhidi ya njia finyu ya kulipa mishahara tu, kwa viwango vidogo na kwa makubaliano.

Halafu kuna jambo linalonishangaza kuliko yote. Kinshasa inaishutumu Rwanda kuwa ndiyo inayoiendesha vita hii, jambo ambalo Kigali inalikana. Hata hivyo kila mtumishi anayevuka kwenda Gisenyi kutoa mshahara aliolipwa na Kinshasa huacha makato yake upande ule, na mara nyingi anarudi na unga alionunua hukohuko.