Mkimbiaji Akifika Lucca, Afuate Maji

Kila ninaposoma ushauri wanaopewa wakimbiaji wanaokwenda Lucca, mji mkongwe wa mkoa wa Toscana nchini Italia, nakuta maneno yaleyale: panda juu ya ukuta, uzunguke, na usipotosheka uzunguke tena. Hesabu yenyewe inavutia, kwa sababu mzingo wa ukuta huo ni takriban kilomita 4.2, hivyo mizunguko kumi inakaribia mno masafa ya marathoni. Nilikaa pale wiki tatu za majira ya vuli, nikikimbia karibu kila alfajiri, na ukuta ule naupenda kuliko njia nyingi nilizowahi kupita. Hata hivyo nashikilia kwamba anayeishia kuuzunguka ameondoka Lucca bila kuielewa, na miguu yake imekosa kilicho bora. Njia zenye thamani pale ni zile zinazotoka nje ya malango na kufuata maji: moja inakwenda kaskazini kwenye mto ulioutisha mji, nyingine inakwenda kusini kwenye chemchemi zilizouondolea kiu.

Ukuta kwanza tuutendee haki. Ulianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 na ukakamilika katikati ya karne ya 17, katika zama za mizinga, na kwa sababu hiyo upana wake unazidi kimo chake: unainuka kama mita 12, lakini kitako chake kina upana wa mita 30 hivi. Ndani yake umeshindiliwa udongo, nje umevikwa matofali, na udongo huo ndio unaolisha miti mirefu iliyopandwa juu yake. Mtawala wa Lucca katika robo ya kwanza ya karne ya 19, Maria Luisa wa ukoo wa Bourbon, aliugeuza kuwa matembezi ya watu wote, na hadi leo mkimbiaji anapita chini ya kivuli kinachobadilika kila sehemu, kwa kuwa kila kipande cha ukuta kina aina yake ya miti. Kuna buruji 11 zilizochomoza nje kama vichwa vya mishale, na anayetaka kurefusha safari huzipita kwa kufuata ukingo wake badala ya kukata moja kwa moja. Hilo nalishauri mchana tu. Kingo ni fupi, na chini yake ni kina cha mita kadhaa. Sipendi kabisa kuona mtu akikimbia pembezoni pale kabla hakujapambazuka.

Kasoro ya ukuta kwa mkimbiaji ni kwamba hauna mwinuko wala uamuzi. Kufikia mzunguko wa tatu nilikuwa nimekwisha kulijua kila benchi, na goti langu la kushoto lilianza kulalamika kwa sababu nilikuwa nikipinda upande uleule asubuhi nzima. Saa nne ikishapita, njia hujaa familia, baiskeli za kukodi na wazee wanaotembea wawili wawili wakizungumza, na hao ndio wenyewe. Mkimbiaji anayewapigia kelele wampishe anawakosea adabu nyumbani kwao.

Jambo lililonifanya niache mizunguko lilikuwa swali rahisi: ukuta huu ulimzuia nani? Tangu ulipokamilika haukuwahi kuzingirwa na jeshi lolote. Adui aliyeufikia kwa kishindo alikuwa Serchio, mto unaopita kaskazini ya mji. Mwaka 1812 mto huo ulifurika, malango yakafungwa, na mji ukabaki mkavu katikati ya bwawa la matope. Inasimuliwa kwamba Elisa Bonaparte, dada yake Napoleon, aliyekuwa akiutawala mji wakati huo, alijikuta yuko nje, na kwa kuwa hapakuwa na lango la kumfungulia bila kuyakaribisha mafuriko, ilibidi apandishwe kwa winchi na kuvushwa juu ya ukuta. Tangu nilipoisikia habari hiyo, ile nyasi pana iliyo nje ya ukuta, ambayo iliachwa wazi ili adui asipate pa kujificha, sikuweza tena kuitazama bila kuona maji juu yake.

Basi njia ya kwanza inatoka kwa lango la Porta Santa Maria, inavuka nyasi hizo, na baada ya kama dakika kumi za mwendo wa kawaida katika mitaa tulivu inafika kwenye tuta la Serchio. Hapo lami inakoma. Kuna vijia vya udongo na changarawe kando ya mto, vilivyo tambarare na laini kwa nyayo, na kwa kuwa havizunguki popote, unaamua mwenyewe wapi pa kugeukia. Mimi niligeukia mbele kidogo ya daraja la Monte San Quirico asubuhi nyingi, na siku nilizokuwa na nguvu niliendelea mpaka saa ikaniambia nimefika kilomita sita. Baada ya mvua kubwa nyuma ya vilima, usiende. Maji hupanda haraka, na utelezi wa tope lile haukuachi mzima.

Watu wa Lucca wana simulizi la kale kuhusu mto huu. Frediano, askofu wao wa karne ya 6 anayesemekana alitoka Ireland, anasifiwa kwa muujiza wa kuuhamisha: aliuchorea njia mpya kwa reki ndogo, nao ukamfuata. Muujiza ni suala la imani, lakini ukisimama juu ya tuta unauona uzito wa hofu iliyouzaa. Kisha geuka uutazame mji. Ukuta hauonekani kama ukuta. Kutoka huko ni mstari wa miti tu, na juu ya mstari huo minara michache, mmojawapo ukiwa mnara wa Guinigi wenye mialoni iliyoota kileleni mwake, kiasi cha mita 45 juu ya barabara. Nilikuwa nimezunguka juu ya ngome hiyo kwa siku tano bila kujua kwamba ilijengwa ijifiche. Kuliona hilo kulihitaji kilomita mbili tu za kutoka nje.

Njia ya pili ndiyo ninayoiombea wakimbiaji zaidi. Unatoka kwa Porta San Pietro, lango la kusini, unavuka upande wa pili wa reli, na katika mtaa wa San Concordio unakuta jengo la mviringo linalofanana na hekalu dogo la Kirumi. Si hekalu, ni tangi la maji. Kuanzia hapo matao 459 yanakwenda kusini kwa zaidi ya kilomita tatu, yamenyooka kama yamepigiwa uzi, hadi Guamo chini ya milima ya Monti Pisani, ambako tangi jingine la namna hiyohiyo linayangoja. Msanifu wake alikuwa Lorenzo Nottolini, kazi ikaanza mwaka 1823, wakati wa Maria Luisa yuleyule, na ikamalizika mwaka 1851, miaka mingi baada ya mama huyo kufariki. Ukuta uliwalinda watu wa Lucca, lakini ndani yake hawakuwa na maji safi ya kuwatosha, na hayo yaliletwa kwa miguu hii ya mawe na matofali.

Kukimbia kando ya matao hayo ni jambo ambalo sijalipata kwingine. Nafasi ya kutoka nguzo moja hadi nyingine ni kama mita saba, yaani hatua sita au saba za mkimbiaji wa kawaida, kwa hiyo bila kukusudia unaanza kuvuta pumzi katika tao moja na kuitoa katika tao linalofuata. Asubuhi moja ya ukungu nilijaribu kuyahesabu. Nilifika mia na kumi na kitu, mjusi akatoka kwenye ufa wa nguzo, nikamtazama, hesabu ikapotea. Matofali ya nguzo hiyo yalikuwa yameliwa na mvua kwenye pembe mpaka yakawa mviringo, na juu ya tao majani yalikuwa yanadondosha maji tone kwa tone, ingawa mvua haikuwa imenyesha usiku ule. Pembeni kuna bustani za mboga na mashamba ya watu. Kijia ni chembamba, nacho ni njia yao ya kila siku. Nyamaza, pita upande mmoja, na usizipande nguzo.

Katikati ya safari barabara kuu ya magari iendayo kasi, iliyojengwa katika karne ya 20, imeyakata matao. Wengine huishia hapo na kurudi, nami nasikitika kila nikisikia hivyo, kwa sababu sehemu tamu iko mbele. Ukishapita Guamo ardhi inaanza kupanda, msitu unafunga, na maji unayasikia kabla ya kuyaona: yanapita katika mifereji ya mawe, chini ya vidaraja na kando ya ngazi zilizojengwa kwa uangalifu mkubwa mahali ambapo watu wa mjini wasingeziona. Mahali pale panaitwa Parole d'Oro, Maneno ya Dhahabu, kwa ajili ya maandishi yenye herufi za shaba ambazo wenyeji walizidhania dhahabu. Niliinama nikatia mikono kwenye mfereji, na baridi yake ilinipanda hadi kwenye viwiko. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 10, na kipande cha mwisho cha mwinuko kinatosha kabisa kuwa zoezi la mapaja.

Anayetaka zaidi ana Monti Pisani yenyewe, ambayo kilele chake, Monte Serra, kina mita 917, lakini hiyo ni safari ya siku nzima na ya viatu vingine. Njia ya mahujaji ya Via Francigena kuelekea Altopascio, ambayo hupendekezwa sana, siishauri kwa mkimbiaji: sehemu yake kubwa ni lami inayotumiwa na magari.

Ukirudi kutoka Guamo, usiingilie langoni. Karibu na stesheni ya reli, chini ya buruji la San Colombano, kuna njia ya chinichini iliyojengwa ili askari watoke bila kuonekana. Dari yake ni tao la matofali, hewa yake ina ubaridi hata wakati wa joto, na inakupandisha hadi juu ya ukuta, kwenye mwanga. Hapo ndipo nilipokuwa nikifanya mzunguko wangu mmoja wa ukuta, polepole, nikitazama upande wa nje, huku tope la Guamo likibanduka kwenye viatu vyangu na kubaki nyuma kwenye changarawe.