Kaseti ya babu

Kaseti ilikuwa ya dakika 60, juu imeandikwa kwa wino wa bluu: "Babu, pamba". Inaanza na jogoo, halafu babu anatoa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka", kwa sauti ya mtu anayehutubia mkutano wa hadhara, maana hakuamini kama redio ile ndogo ingemsikia. Anasimulia walivyosomba pamba hadi kituo cha kununulia huko Magu, na wanunuzi walivyowapunja kwenye mizani. Kupunjwa huko kuliwasukuma wakulima wa Usukumani kuunda vyama vya ushirika, mpaka mwaka 1955 likazaliwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Babu anafika siku aliyokorofishana na mpimaji: "Nikamwambia, we kijana..." Hapo linaingia dansi. Kaka yangu aliziba kwa karatasi vile vitundu viwili vya juu vinavyozuia kaseti isirekodiwe tena, akarekodi muziki.

Nilimnunia miaka mingi. Siku hizi namsamehe kidogo, kwa sababu wenye ofisi na mishahara wamefanya kama yeye. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, mtaa mzima ulikaa kuzunguka redio. Niliwahi kwenda kwenye kituo kimoja kuulizia matangazo ya siku zile. Kijana wa studio alikuwa mstaarabu sana: "Samahani kaka, nafasi ilijaa, vya zamani tukafuta." Makaburi yapo Igoma, unaweza kwenda kuyaona. Ule ukimya kabla ya mtangazaji kusoma jina linalofuata hauchongwi kwenye jiwe.

Makumbusho ya Bujora pale Kisesa yametunza ngoma na viti vya watemi, na wanastahili shukrani. Lakini msimulizi wa kawaida, yule mama wa dagaa wa soko la Mwaloni, nani anamtunza? Mimi naona kazi hiyo ni yetu wenyewe, na haisubiri mfadhili. Kanda ya saa moja inahamishiwa kwenye kompyuta kwa saa moja, hakuna njia ya mkato, na joto na unyevu haviisubiri. Ukishahamisha, weka nakala mahali pawili, na mwanzoni kabisa useme kwa mdomo wako nani anaongea, wapi, mwaka gani. Jina la faili hubadilika kila mtu anapolirusha WhatsApp. Kuna sauti ya mzee kwenye simu yangu ambayo mpaka leo hatujui ni ya nani, na ukoo mzima umeshaisikiliza.

Barua nazo zitoeni kwenye masanduku ya bati kabla mchwa hawajazisoma. Sisi tunayo moja kutoka kwa baba mdogo alipokuwa Mwadui kwenye almasi. Nusu ukurasa ni salamu tupu, kisha: "nimempa dereva khanga doti moja, kama hajaifikisha niandikie upesi." Mstari huo mmoja umenifundisha jinsi watu walivyoaminiana barabarani kuliko hotuba nyingi.

Mwezi uliopita nilimrekodi shangazi kule Kirumba, feni imezimwa isivume. Nikamuuliza ile habari ya mizani iliishaje. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Babu yako hakumwambia mtu neno. Aliyegomba ni bibi yako. Babu yako alikuwa ameshikilia gunia."