Ugomvi wa Paul na Ellen ni wa udongo

Katika "The Lamp at Noon", hadithi fupi ya Mkanada Sinclair Ross iliyochapishwa mwaka 1938, dhoruba ya vumbi inavuma siku ya tatu kwenye nyanda za ngano, na Ellen amewasha taa adhuhuri. Meza haijamaliza dakika kumi tangu iandaliwe, sahani zimeshafanya utando wa vumbi. Anamsihi mumewe, Paul, wahame. Paul hataki. Mwishowe Ellen anatoka mbio na mtoto katikati ya dhoruba. Paul anapowapata, mtoto ameshakufa mikononi mwa mamaye, na mama mwenyewe akili imemruka.

Wengi huisoma kama hadithi ya upweke: nchi pana, watu wachache, mke aliyewahi kuwa mwalimu na ambaye hakuzoea maisha hayo. Usomaji huo una msingi. Ross alizaliwa Saskatchewan, jimbo la nyanda hizo, na katika "The Painted Door", hadithi yake nyingine, anarudia hali ileile: mume anakwenda kumtazama baba yake, maili tano kwenye theluji, na mke anabaki na kuta na jirani mmoja. Upweke unaua ndoa zote mbili.

Lakini tusikilize wanachogombania. Ellen anamwambia Paul kwamba ameilima ardhi na kuipiga haro, zana ya meno ya kuvunjavunja udongo, hadi haikubaki mzizi wa kuushika udongo, na kwamba wakulima walitaka ngano tu kila mwaka. Hayo ni maneno ya mtu anayejua kilimo, na yako sahihi. Desturi ya nyanda zile ilikuwa kupanda ngano mwaka mmoja na kulipumzisha shamba mwaka unaofuata ili litunze maji. Shamba lililopumzika lilipigwa haro kila magugu yalipochipua, kwa kuwa magugu hunywa maji ya ngano ya mwakani. Miaka ya mvua mambo yalikwenda. Ukame ulipoingia, udongo ulikuwa umesagika, hauna mabua wala mizizi, ukaanza kupeperuka. Chembe zinazorushwa na upepo hugonga nyingine na kuzing'oa, hivyo shamba moja likianza, la jirani nalo haliponi.

Paul naye ana hoja, na nzito. Mwishoni mwa 1932 bei ya busheli ya ngano, yaani kilo 27 hivi, ilishuka chini ya senti 40. Mwaka 1937 Saskatchewan ilivuna kwa wastani chini ya busheli 3 kwa ekari, wakati mbegu peke yake inakula busheli moja hivi. Majani ya malisho yangeshika udongo, ni kweli, lakini mbegu zake ni ndogo, hupandwa juujuu, na katika udongo mkavu hufa kabla ya kuota vizuri. Hata zikiota, mkulima hungoja mwaka au zaidi, kisha anahitaji ng'ombe na uzio. Deni hulipwa kwa fedha taslimu, na zao la fedha lilikuwa ngano. Kumwita Paul mkaidi tu ni kumwonea.

Ninachoona hadithi hizi zinakificha ni kwamba hata upweke wenyewe ulipangwa na serikali. Sheria ya ardhi ya Kanada ya 1872 ilimpa mlowezi ekari 160 kwa ada ya dola 10, kwa sharti kwamba aishi na kulima papo hapo. Nchi ilipimwa kwa miraba ya maili moja kila upande, ekari 640. Hesabu yake ni kaya nne kwa mraba zikizidi sana, na miraba mingi ilitengwa kwa ajili ya kampuni za reli. Wamenno, Wakristo wa madhehebu ya Kiprotestanti waliofika jimbo la Manitoba miaka ya 1870, waliruhusiwa kuishi vijijini na kulima mashamba yanayozunguka kijiji. Baridi ilikuwa ileile, lakini mke alikuwa na jirani ng'ambo ya njia. Tena mwanamke aliyeolewa hakuweza kujiandikishia shamba la bure. Ellen anaweza kumshawishi mumewe tu. Uamuzi wa nini kipandwe wapi si wake.

Kwa hiyo Ellen ana haki kuhusu udongo, Paul ana haki kuhusu fedha za miaka ile, na ndoa inavunjika kwa sababu mmoja tu ndiye anayeamua. Ross alilijua hilo. Anamtoa Paul nje akaone mashamba yaliyobaki utupu, na hapo Paul anatambua kwamba mkewe alisema kweli. Tayari mwaka 1935 serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa kufufua mashamba ya nyanda hizo kwa kurudisha majani, kupanda kwa mistari mipana inayopishana na kuacha mabua juu ya ardhi. Maneno ya Ellen yalikuwa yanageuka sera.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mwandishi. Anamwacha Ellen ashinde hoja, kisha anamnyang'anya akili kabla mumewe hajarudi kumwambia kwamba alisema kweli. Maneno yake ya mwisho ni kwamba kesho kutakuwa kuzuri, yaani maneno ya Paul kinywani mwa Ellen. Kama mwisho wa hadithi ya msiba, yanachoma kweli. Lakini msomaji anaondoka akimlilia mwanamke aliyerukwa na akili, na hoja yake juu ya mizizi anaisahau.