Treni Mpya, Pointi Zile Zile

Wamekata utepe tena. Frecciarossa 1000 nyingine, treni za kasi za shirika la reli la Italia, zimetoka kiwandani kwa Hitachi, rangi inang'aa, viti vya ngozi kwa wenye nazo, wanasiasa wamejipanga kupigwa picha mbele ya pua nyekundu. Na habari kubwa ni ipi? Kilomita 300 kwa saa! Njia ya Roma–Napoli ilifunguliwa kwa mwendo huo huo Desemba 2005. Mtu angetuambia basi safari imepungua dakika ngapi. Kimya.

Treni yenyewe ni nzuri, nakubali shingo upande. ETR 500, treni ya kasi iliyoitangulia, ilikuwa na vichwa viwili, ekseli (mihimili ya magurudumu) nne zenye mota kwa kila kichwa, jumla nane, na mabehewa ya katikati yakiburutwa tu. Hii ina ekseli 32, na 16 kati yake zinasukuma. Reli ikilowa, magurudumu hayatelezi ovyo na mwendo unapanda upesi. Katika jaribio la Februari 2016 ilifika kilomita 393.8 kwa saa. Mafundi wa Pistoia na Napoli wapewe maua yao.

Lakini dakika hazipotei kwenye mwendo kasi. Piga hesabu. Njia ya kasi ya Milano–Bologna ni kama kilomita 180. Kwa 300 unatumia dakika 36. Kwa 350, ndoto ya wapenda sifa, dakika 31. Umeokoa tano, na hapo tumejifanya treni inachomoka stesheni ikiwa tayari kwenye 350. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo unapambana na upepo uliozidi kwa asilimia 36 hivi, bili ya umeme inapanda, na kokoto za reli zinaanza kuruka na kugonga tumbo la treni. Yote hayo kwa dakika tano ambazo utazirudisha Milano Centrale, stesheni kuu ya Milano, ukisubiri jukwaa.

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Milano Centrale ina majukwaa 24, na reli zote zinabanana kwenye fungu moja la pointi, yaani vipande vya reli vinavyosogea ili kuhamisha treni kutoka reli moja kwenda nyingine, kabla ya kutawanyika. Pointi za zamani za stesheni za Italia, treni ikihamia reli ya pembeni, mwisho ni kilomita 30 kwa saa. Zilizoboreshwa zinaruhusu 60. Tuseme eneo la pointi lina mita 400. Treni ya mita 202 haijatoka humo mpaka behewa la mwisho lipite, yaani kichwa kimeshatembea mita 600. Kwa 30, hizo ni sekunde 72. Kwa 60, sekunde 36.

Utasema sekunde 36 si kitu. Ni 36 ikiingia, ni 36 ikitoka, na muda wote huo kila treni inayotaka kukatiza pale imesimama kwenye taa nyekundu. Zidisha kwa treni za saa moja ya asubuhi. Mbona basi hawazibadilishi zote? Kwa sababu pointi ya 60 ina kona pana zaidi, hivyo ni ndefu zaidi, hivyo lazima usogeze reli za jirani, taa, nguzo na nyaya za juu. Ni kazi ya usiku kwa miezi, abiria wakilalamika, na ikiisha hakuna cha kupiga picha. Nani atavaa tai kwenda kuzindua pointi?

Firenze ndiko aibu yenyewe. Reli za Santa Maria Novella, stesheni kuu ya huko, zinaishia ukutani. Treni inaingia taratibu, chumba cha dereva cha mbele kinafungwa, cha nyuma kinafunguliwa, breki zinapimwa, mfumo unaanzishwa upya, kisha inarudi ilikotoka ikikatiza njia za treni za mkoa. Bologna walilitatua mwaka 2013: stesheni ya kasi mita 23 chini ya ardhi, treni zinapita moja kwa moja bila kugusa za juu. Firenze? Mahandaki yanazungumzwa tangu miaka ya 1990. Mashine ya kwanza ya kuchimba ilikaa miaka bila kuchimba kitu. Uchimbaji wenyewe umeanza 2023.

Umeme nao. Firenze–Roma, njia iliyoanza 1977, bado inatumia volti 3,000 za mkondo mnyoofu (DC), wakati njia mpya zina 25,000 za mkondo geu (AC). Treni hii ikivuta megawati 9.8 kwa volti 25,000, inahitaji ampea 400 hivi. Kwa 3,000 zingehitajika zaidi ya 3,200, kupitia waya ule wa juu. Kwa hiyo hapo mwisho ni kilomita 250 kwa saa, hata ungeleta treni ya kwenda mwezini.

Na matengenezo? Februari 6, 2020, huko Livraga karibu na Lodi, Frecciarossa 1000 iliyokuwa karibu na 300 ilikuta pointi imegeukia pembeni. Madereva wawili walikufa. Treni haikuwa na kasoro. Kifaa cha kusukuma pointi kilikuwa kimebadilishwa usiku ule, na nyaya ndani yake zilikuwa zimeunganishwa kinyume. Oktoba 2, 2024, msumari mmoja ulitoboa kebo ya umeme Roma. Betri za akiba zikabeba mzigo mpaka zikaisha bila mtu kuchukua hatua, Termini, stesheni kuu ya Roma, ikasimama. Msumari!

Ushindani wa Italo, kampuni binafsi ya treni za kasi, tangu 2012 ulishusha nauli, hilo sibishi. Ila sasa kila kampuni inarusha treni za mita 200, na kila moja inakula nafasi nzima katika ratiba, sawa na ambayo ingeliwa na treni ya mita 400. Nafasi zikibana, wanaosogezwa ni wafanyakazi wa Arezzo na Chiusi, maana treni zao za mkoa zinaishia kilomita 160 kwa saa. Matera, mji wa kusini uliokuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya mwaka 2019, ulisherehekea bila reli ya taifa. Ya kusini yanahitaji makala yake.

Mwenye haraka ya Milano–Roma asihangaike kuchagua treni mpya au kuukuu. Atafute isiyosimama Firenze. Hiyo haiingii Santa Maria Novella. Inapita pembeni kwa stesheni ndogo za Statuto na Campo di Marte, na siku ya bahati mbaya inapita hapo polepole, nyuma ya treni ya mkoa.