Pedali ya Laki na Themanini

Jumatatu nilimwambia Mama Aisha kwamba natafuta pedali. Akatabasamu tabasamu ambalo sijaliona tangu tuhamie Mbuya, hapa Kampala. Nikaletewa chai ya maziwa. Nikaletewa chapati. Niko kwenye chapati ya pili ndipo nikamwona anaitazama ile baiskeli iliyoegemea ukuta tangu mwaka jana, yenye pedali ya mguu wa kulia peke yake.

"Si ya baiskeli, mama. Ya gitaa."

"Gitaa lina pedali?"

"Linakanyagwa."

"Kwani vidole vimechoka, umeanza kulipiga kwa miguu?"

Chapati ya tatu haikuja.

Sasa nyinyi niwaeleze, maana kwangu nimeshashindwa. Mimi hupiga gitaa kwenye kwanjula, zile sherehe za Kiganda za kumtambulisha mchumba kwa wazazi. Malipo elfu hamsini, chakula, na soda moja ukiwahi kreti. Mwezi uliopita tuligawana shughuli na bendi yenye mpiga solo Mkongomani. Yule bwana akigusa waya, sauti inatiririka, inameremeta, inazunguka hema na kurudi. Nikishika mimi, ni sufuria imedondoka jikoni. Na magitaa yetu ni ya aina moja! Watu walipokwenda kuchota matooke nikanyata hadi pale aliposimama, nikainua kitambaa. Visanduku vitatu vya kukanyaga chini, ndizo pedali zenyewe: cha machungwa, cha kijani, cha bluu. Nikajisemea, kumbe uchawi wenyewe unauzwa.

Ndiyo, unauzwa, ila kwa rangi kama matunda. Pedali ya distosheni, yaani ya kukwaruza sauti, ya kampuni ya Boss, ile DS-1, iko sokoni tangu 1978 na ni ya machungwa. Tube Screamer, pedali nyingine maarufu, ya kampuni ya Ibanez, ni ya kijani. Basi wengi walioiga baadaye wakaiga na rangi, na wewe mnunuzi unasimama mbele ya kabati la kioo kama mtu anayechagua embe, bila ruhusa ya kubonyeza.

Nilianzia kwenye video. Kosa. Mzungu anasema leo nawaonyesha pedali za watu wa kipato kidogo, halafu anachomoa gitaa lenye thamani ya kiwanja Kireka na amplifaya yenye thamani ya nyumba juu ya kiwanja hicho. Hapo hata ukichomeka kengele ya shule itaimba. Nikamaliza bando la wiki nikijifunza kwamba kila kitu ni kizuri.

Nikaenda mjini. Muuzaji kijana, anajua neno moja.

"Hii ya machungwa inafanya nini?"

"Hiyo kali, ssebo."

"Na hii ya bluu?"

"Hiyo kali zaidi."

Nikaanza kubembeleza bei kwa Kiswahili, maana huku kwetu karibu na kambi ya jeshi tunakisema bila kuona haya. Lakini Kampala mnaijua: ukimsemesha mtu Kiswahili ghafla, kwanza anashika mfuko. Wengine wakidhani wewe mwanajeshi wanakupunguzia. Huyu alidhani mimi mwizi. Akafunga kabati kwa ufunguo, tukaendelea kuongea kupitia kioo.

Niliyoitaka ilikuwa ya bluu, yaani korasi. Hiyo inachukua sauti yako, inaichelewesha kidogo mno, inaiyumbisha, kisha inaichanganya na ile ya mwanzo, gitaa moja likasikika kama mawili yanayopendana. Ndiyo iliyokuwa ikimeremeta kule hemani. Bei yake laki tatu. Ya machungwa laki na themanini. Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikasema pedali ni pedali.

Si kweli. Distosheni kazi yake ni kuyakata vichwa mawimbi ya sauti mpaka yakwaruze. Kwa muziki wa roki, safi sana. Jumamosi ile, wakati ssenga, shangazi wa bibi harusi, anatoka na mabinti, wamevaa gomesi, wanapiga magoti taratibu kwa adabu zote za Buganda, mimi nikakanyaga. Ikatoka sauti ya bodaboda yenye mafla iliyotoboka ikipanda kilima cha Mutungo na abiria watatu. Ssenga aliganda goti moja hewani. Mzee wa upande wa mume akageuka nyuma kuangalia nani ameingiza pikipiki.

Nikazima haraka. Kiongozi wa bendi hakusema kitu, alinitazama tu, na soda yangu akapewa mpiga ngoma.

Mnadhani gharama ziliishia laki na themanini? Ngojeni. Kwanza unahitaji waya wa pili, maana wa kwanza unatoka gitaa kwenda pedali, sasa pedali itafikaje kwenye amplifaya, kwa miguu? Elfu ishirini. Halafu betri, zile za mstatili za volti 9, elfu kumi. Nikaitia usiku, nikajaribu kidogo, nikazima taa nyekundu kwa mguu, nikalala kama mtu aliyefanya la maana. Asubuhi kanisani: kimya. Betri imekufa. Kumbe kuzima kwa mguu si kuzima! Waya ukibaki umechomekwa kwenye tundu la kuingilia, pedali inaendelea kunyonya betri usiku kucha, taa iwake isiwake. Swichi yenyewe ni lile tundu. Mlijua? Mimi nimejua kwa elfu kumi, kisha kwa elfu kumi nyingine, maana Jumapili iliyofuata nilisahau tena.

Nikasema basi, adapta. Nyumbani kuna adapta za kila kitu kilichokwisha kufa. Nikaipata moja imeandikwa volti 9, kichwa kikaingia vizuri, nikamshukuru Mungu. Ikatoka harufu.

Fundi wa redio kule Kisenyi aliifungua mbele yangu. Akaniuliza kama najua kusoma. Nikasema najua. Akanionyesha kimchoro kidogo pembeni ya tundu la umeme: duara, hasi katikati. Pedali nyingi ziko hivyo, hasi iko ndani na chanya iko nje. Adapta yangu ilikuwa kinyume. Volti zilikubaliana, pande zikagombana. Bahati nzuri mlangoni palikuwa na diodi ya ulinzi, ndiyo iliyoungua badala ya wenzake. Diodi mpya, shilingi mia tano. Kuilehemu, elfu kumi na tano. Nikauliza kwa nini, akasema mia tano ni ya diodi, iliyobaki ni ya kujua ipi.

Ndiye pia aliyeniambia jambo ambalo kijana wa dukani hakuniambia: mtu wa mfuko wangu angetafuta ile mashine moja ya mtumba yenye sauti zote ndani, za Zoom kwa mfano. Korasi imo, mwangwi umo, kurekebishia nyuzi kumo, adapta moja tu. Ana haki kabisa. Lakini vile visanduku vitatu vya rangi mimi nimeviona kwa macho yangu, na moyo nao una macho.

Mzee jirani ananicheka. Anasema nchi hii imeimba kadongo kamu miaka na miaka, na jina lenyewe kwa Kiganda ni kigitaa kimoja, hakuna aliyekanyaga chochote. Sawa, mzee. Ila wao hawakuwekwa hema moja na yule Mkongomani.

Sasa nina mpwa wangu yuko kyeyo, yaani kibarua cha ughaibuni, Dubai. Nikamwomba aniangalizie korasi. Amenitumia picha kumi na nne, chini ya kila picha "mjomba hii vipi?", na tatu kati ya hizo ni mizani ya jikoni. Nyingine ndogo nzuri, ya bluu kweli, lakini haina hata nafasi ya betri, ni adapta tu. Nimeanza kupekua droo nikitafuta yenye hasi katikati.

Nikiwa humo drooni jana, nikasikia kengele ya baiskeli uani. Nikatoka. Mama Aisha amekaa juu, miguu yote miwili inazunguka. Amenunua mwenyewe, kushoto na kulia, elfu kumi na mbili.

Akaniuliza kama za kwangu nazo huja mbili mbili.