Zabuni ya reli: nani analipa tuta likiporomoka?

Mpe mtu zabuni ya reli aitathmini, macho yake yatakimbilia jumla iliyoandikwa chini kabisa. Mimi naanzia kwingine: mvua ikizidi, tuta likiporomoka, vibarua wakitoroka, nani anatoa pesa? Reli tatu za kikoloni za kwetu zilijibu swali hilo kila moja kwa njia yake.

Tanga, 1893. Kampuni binafsi ya Kijerumani ikaanza kutandika reli kuelekea Usambara. Kwenye karatasi serikali ilikuwa imepata mteremko, maana hasara yote ni ya kampuni. Hadi 1896 reli ilikuwa imefika Muheza tu, kama kilomita 40, na pesa zikakata. Mwaka 1899 serikali ikaichukua. Mzabuni asiye na mtaji hawezi kubeba hasara hata akiahidi mbele ya mashahidi mia. Ataibeba mpaka mfuko utoboke, kisha atakurudishia.

Mombasa, kwenye Reli ya Uganda, Waingereza hawakutaka mkandarasi mkuu kabisa. Kamati iliyokaa London iliendesha ujenzi yenyewe, mhandisi mkuu akiwa George Whitehouse. Bunge liliidhinisha pauni milioni 3 mwaka 1896. Hesabu ya mwisho ikapita milioni 5. Wapo wanaotumia takwimu hizo kudai serikali haiwezi kujenga, nami siafiki. Nyika ya Taru haina maji, na kazi ilianza kabla njia yote haijapimwa sawasawa. Mkandarasi gani angetoa bei ya kweli hapo? Angeweka bei ya woga, au angeweka bei ya chini ashinde, kisha kila mwezi alete madai ya nyongeza. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya zabuni anawajua watu hao kwa sura.

Nawasifu kwa jambo moja: madaraja 27 ya chuma ya kuvuka mabonde ya Mau. Kazi ile ilipimika: urefu wa kila daraja, tani za chuma, tarehe ya kufika. Ikashindanishwa, na American Bridge Company ya Marekani ikavishinda viwanda vya Uingereza kwa bei na kwa muda. Kelele zikapigwa, pesa ya Mwingereza inakwendaje kwa Mmarekani! Madaraja yakasimama. Basi kinachopimika kipe mkandarasi, umbane kwa bei na siku. Kisichojulikana bado, usijidanganye kwamba umemuuzia mtu.

Dar es Salaam–Morogoro, kipande cha kwanza cha Reli ya Kati, ndiyo inayonipa shida. Kampuni ya Philipp Holzmann ilianza 1905 na kufika Morogoro 1907, kilomita 209. Ukiishia hapo utampa alama zote. Lakini kampuni iliyomiliki reli, yenye Deutsche Bank nyuma yake, ilikuwa imehakikishiwa na Dola ya Ujerumani riba ya asilimia 3. Reli ikipata faida, wenye hisa wanakula; isipopata, hazina inalipa. Mimi siuiti huo uwekezaji binafsi.

Halafu kuna mstari wa gharama ya vibarua kwenye zabuni. Ni mwaka uleule wa Maji Maji, na watu walidaiwa kodi ya fedha taslimu ambayo wengi hawakuwa na pa kuipata ila kwenye kazi kama hizo. Unafuu wa mstari huo haukutokana na werevu wa mzabuni. Upande wa Reli ya Uganda, Wahindi karibu 32,000 waliletwa kujenga na 2,493 wakafa. Hakuna zabuni iliyokuwa na safu ya hesabu hiyo.

Reli ya Kati ilipopita Morogoro, mjenzi akiwa yuleyule, ilifuata bonde la Mkondoa kuelekea Gulwe. Bonde linakupa mwinuko wa taratibu na kilomita zinakimbia, ila mto ni jirani mbaya. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalisomba reli kati ya Kilosa na Gulwe, na haikuwa mara ya kwanza wala ya mwisho. Wajerumani walifika Kigoma 1914 na miaka michache baadaye wakapoteza koloni lenyewe. Matengenezo ya Kilosa yameangukia walioachiwa reli. Kwenye SGR, reli mpya ya kisasa ya Tanzania, kipande cha Morogoro–Makutupora kimechimbiwa mahandaki, na ningekuwa mtathmini ningekubali bei hiyo kubwa kabla sijaifungua zabuni ya anayependekeza kurudi mtoni.